Chai ya Agneta na Damu Yangu

Mdogo wangu Wycliffe,

Mvua imeshafika huko? Hapa Nairobi baridi inauma masikio. Usiniulize juu ya hilo jengo jipya la mviringo kwenye picha ya kadi hii, sikuja kutazama majengo. Nimekuja kupimwa mafuta kwenye damu, nijue kama moyo utaniangusha ghafla kama ulivyowaangusha baba na kaka Yohana.

Nilifikia mtaa wa Loresho, kwa binamu yetu Agneta. Daktari alikuwa ameniambia nisile kitu asubuhi, lakini Agneta akasimama mlangoni: "Mgeni hatoki kwangu bila chai!" Ungemkataliaje? Nikanywa, pamoja na mkate uliojaa siagi.

Mjini, kwenye maabara, mpimaji akaniuliza, "Mama, umekula?"

"Sijala. Nimekunywa chai tu."

Akanitoa damu, akaiacha itulie kwenye kichupa. Maji yaliyobaki juu yakawa meupe kama ya kuoshea mchele. Akatikisa kichwa. "Mama, hapa ninapima siagi ya leo, sikupimi wewe. Rudi kesho na njaa."

Basi nimehamia chumba cha wageni River Road, ambako hakuna anayenipenda kiasi cha kunilazimisha chai. Kesho nitafika na njaa yangu.

Wakumbatie watoto kwa niaba yangu. Nawe jiandae, maana nikirudi zamu ya kupimwa ni yako. Nimeshazika wanaume wawili wa nyumba yetu. Wa tatu sikubali.

Dada yako,
Rispa