Ulivyosema Kwanza Moyo Upimwe

Mpendwa dada yangu, mama Minza,

Mwangaluka. Huku Bariadi tumeanza kuchuma pamba, na leo nimekukumbuka hadi nikaacha kazi nikaketi.

Nilipoolewa nikiwa mke wa pili, wewe na mimi hatukuwa na mazungumzo zaidi ya salamu. Kilichotuleta pamoja ni kifo cha mume wetu. Alishika kifua akiwa shambani nyuma ya ng'ombe wa kulima, akatuambia ni uchovu tu, akakaa chini. Hakuinuka tena.

Matanga yalipoisha ikawa zamu yangu. Nilikuwa uani napepeta mchele, moyo ukaanza kwenda mbio, vidole vikafa ganzi, pumzi haifiki. Nikajua ninamfuata. Jirani mmoja akasema, "Huyo ni mawazo ya msiba, atazoea." Mwingine akasema nipelekwe kwa mganga. Wewe ulikuwa tayari unafunga khanga kiunoni.

"Aliyekufa kwenye boma hili ametosha," ukasema. "Kwanza moyo upimwe. Mengine tutayajua tukirudi."

Ukanipakia bodaboda, ukakaa nyuma yangu, ukanishika njia nzima kama mtoto.

Hospitali wakanibandika nyaya kifuani, wakapima presha na damu. Yule daktari binti akasema, "Moyo wako mzima, mama. Hii ni hofu. Nayo ni ugonjwa, usione aibu." Nilifurahi, nikataka tuondoke. Wewe ukagoma kusimama.

"Sasa daktari, siku ikiwa ni moyo kweli tutajuaje?"

Akakueleza kwamba hofu mara nyingi humjia mtu hata amekaa, hupanda haraka kisha ikashuka. Moyo mara nyingi hubana mtu akiwa kazini, maumivu yakaenda mkononi au kwenye taya, na jasho la baridi likamtoka. "Lakini hufanana hadi sisi wenyewe tunachanganyikiwa," akasema. "Ndiyo maana tunapima. Mkiwa na shaka, msikae nyumbani kubishana. Njooni."

Tangu hapo kila ikinijia uliacha ulichokuwa unafanya, ukakaa karibu nami. "Toa pumzi taratibu. Nipo hapa." Mtu ambaye nilidhani ananichukia! Sijui kama uliwahi kujua nilivyokuwa nakutazama wakati ule.

Kisha ile siku ya kisimani. Ulitua ndoo, ukakaa chini katikati ya njia, mkono kifuani, ukanicheka: "Wasiwasi wako umenihamia mimi." Mimi sikucheka. Ulikuwa umeloa jasho na asubuhi ilikuwa ya baridi, na ulikuwa unajikanda taya.

"Dada, twende hospitali."

"Nipumzike kidogo, kutapoa."

"Baba Minza naye alisema hivyohivyo."

Ukaninyooshea mkono nikuinue. Najua ilivyo vigumu kwako kushikwa mkono, wewe uliyezoea kushika wengine.

Wakakuta mshipa wa moyo umeziba. Wakakupeleka Mwanza kwa gari la wagonjwa, na daktari akaniambia tumewahi. Nilitoka nje, nikalia nimeshika ukuta, nikimshukuru Mungu kwa sauti hadi watu wakanigeukia.

Sasa unaishi kwa Minza hukohuko Mwanza, karibu na kliniki yako, na ndivyo inavyopaswa. Mimi naendelea vizuri. Hofu bado inanitembelea, ila si kama zamani, na siku ikija kwa namna nisiyoizoea naenda kupimwa bila kumuuliza mtu.

Watu hapa wananiuliza kama sijafurahi kubaki na boma zima peke yangu. Nawaambia hawajawahi kuwa na mke mwenza kama wangu. Asante, dada. Meza dawa zako, usimsumbue mtoto, na daktari akikuruhusu kusafiri, hata kama ni kwa wiki moja, njoo tukae.

Ni mimi mdogo wako, mke mwenzako.