Koti Lililorudi Kibuli

Hawa, mdogo wangu,

Miezi minne imepita tangu tukuzike. Naandika nikiwa kitandani hapa Kibuli, karatasi nimeilaza juu ya ubao wako wa kukatia nguo, kwa sababu mezani sifiki tena bila kupumzika njiani. Miguu imevimba. Daktari ameacha kuniambia habari za mwezi ujao. Ananiambia za kesho. Sukari bado haipatikani. Jirani yetu Mama Safina huniletea uji asubuhi, na siku nyingine huita jina lako mlangoni kabla ya kukumbuka.

Kuna jambo nililokuficha. Niache niende nalo polepole.

Siku ile mumeo Ramadhani alikuwa ametoka kununua mkate, mchana kweupe, askari kanzu wanne wenye mashati ya maua wakamtia kwenye buti ya gari lao. Mwenye duka aliona, akafunga mlango, akasema hakuona. Ramadhani alikuwa amevaa koti lake la kijivu. Ndani ya bitana, chini ya kwapa la kushoto, ulikuwa umemshonea hirizi, kama mama alivyokuwa akimshonea baba kila jeshi lilipompeleka mbali. Maneno niliyaandika mimi. Ulisema mwandiko wangu ni mzuri kuliko wa sheikh, tena haudai kuku.

Ulikwenda kambini, ukaenda magereza, kote ukafukuzwa. Mwishowe sheikh akakwambia, "Binti yangu, aliyepotea bila dalili hatumsalii. Wala huwezi kukaa eda ya mtu ambaye huenda yu hai. Lete dalili." Ukarudi ukiwa si mke wala mjane. Ukahamia kwangu mimi niliyefiwa na mke, ukaweka cherehani barazani.

Wanawake wengine walikuwa wakizunguka soko la mitumba wakigeuza makola. Sote tulijua nguo za waliochukuliwa huishia wapi, ila hatukulisema. Wewe ulikataa kwenda. "Nikilikuta," ulisema, "nitakuwa nimemuua mimi."

Basi nililikuta mimi. Ilikuwa mwaka wa pili wa kungoja kwako, msimu wa mvua, nami nilitaka koti la kukingia baridi. Muuzaji alinivalisha moja akanipiga begani: "Chukua, mzee wangu. Hili lilikuwa la mtu mkubwa." Macho yangu unayajua. Vifungo vilikuwa vimebadilishwa, kola imesuguliwa hadi ikapauka. Nililitambua nyumbani, wewe ukiwa bombani, nilipohisi kitu kigumu kwapani. Nikapasua bitana kwa wembe. Uzi ulikuwa mwekundu, mishono midogo kama punje za ulezi, isipokuwa upande mmoja uliokuwa umetafunwa kwa meno. Ndani ya kifuko cha ngozi cha hirizi nikatoa karatasi yenye mwandiko wangu mwenyewe.

Nyuma yake palikuwa na mwandiko mwingine, wa mkaa wa kijiti cha kiberiti.

Hawa usinisubiri.

Uliporudi na ndoo ulinitazama ukasema, "Mwalimu, umekwenda kununua koti umerudi na uso wa mwizi." Nikasema sikupata la kunitosha. Ukacheka. Karatasi nilikuwa nimeirudisha ndani ya hirizi, na koti lilikuwa tayari chini kabisa ndani ya sanduku la bati, nimelifunika kwa madaftari ya zamani ya wanafunzi.

Kwa miaka nimejiambia kwamba niliogopa. Karatasi ile ikionekana, wale watu wangetufuata. Ni kweli, niliogopa. Lakini huo ni ukweli wa kuwaambia watu wengine. Wiki ile Asumani, dereva wa lori wa Kisugu, alikuwa amekuja kunisalimia mara mbili, na mara zote macho yake yalikuwa barazani. Alikuwa mtu mwema. Aliniambia, "Mwalimu, nitangoja mpaka sheikh aseme." Dalili ya sheikh ilikuwa sandukuni mwangu. Ningeitoa, ungelia, ungekaa eda yako, kisha ungeolewa ukaenda. Nani angenipikia? Nani angenicheka? Hawa, sikuificha kwa ajili ya askari. Niliificha kwa ajili ya chai yangu ya saa kumi.

Asumani alichoka, akaoa Jinja. Wewe ukaendelea kumwekea Ramadhani sahani kila Ijumaa. Homa ilipokulaza na mji mzima hauna vidonge, nilikaa kando yako siku tatu na neno mdomoni, nikalimeza. Ulinishika mkono ukasema, "Mwalimu, kunywa dawa yako." Hukusema tena.

Juzi nilifungua sanduku nilipeleke koti kwa sheikh, nikiri kabla sijafa. Nikaligeuza. Bitana niliyoipasua kwa wembe ilikuwa imeshonwa.

Uzi mwekundu. Punje za ulezi.

Nilikaa sakafuni mpaka Mama Safina alipokuja kuniinua.

Ulijua. Sijui tangu lini. Huenda sahani zile zote uliziweka ukijua. Na bado saa kumi ulinijia na kikombe, ukaniuliza kama kimekolea. Ningesema mapema, ungeweza kunilaani usoni. Hata hilo nilikunyima.

Nimepapasa kwapani. Hirizi imo, lakini imenenepa. Nahisi kwa vidole karatasi ya pili imekunjwa ndani yake. Ni mimi niliyekufundisha kuandika, na wembe ninao hapa mkononi. Siipasui. Barua moja isiyokuwa yangu nimekwisha kuisoma na kuizuia. Ya pili, ambayo naamini ni jibu lako kwa mumeo, itakwenda kwa mwenyewe.

Ijumaa, Mungu akinipa Ijumaa, nitabebwa hadi msikitini. Nitasema mbele ya watu nililolifanya, na Ramadhani atasaliwa. Wale wa mashati ya maua wakisikia, wasikie. Mtu aliyekwisha kufa nusu hajazi buti. Kisha hirizi, kwa kuwa ina maneno ya Mungu, itazikwa mahali safi kama inavyopasa, karibu na kichwa chako. Nikitangulia kabla ya Ijumaa, Mama Safina anajua pahali, na koti atalichukua yeye, na barua hii ataisoma sheikh.

Lala, mdogo wangu. Mimi nimeomba nizikwe kule chini, karibu na ukuta. Nafasi iliyo kando yako isichimbwe. Ni ya mumeo.

Kaka yako,
Mwalimu