Viti Tulivyobeba Rubya

Shuleni, Rubya
Jumapili jioni

Mama yangu,

Shikamoo. Mgongo umepoa kidogo? Na bibi bado anakohoa? Mimi ni mzima, ila nimechoka, na uchovu huu hautokani na masomo.

Juzi watu wa ile tume ya serikali inayoshughulikia haki na usawa wa wanawake walifanya mkutano hapa kwenye kata. Wanafunzi tulibeba viti vya darasani, kisha mwalimu akanichagua niwatafsirie kwa Kihaya wale wasiojua Kiswahili. Unajua ninavyoogopa kusema mbele za watu. Afadhali ningebaki na kitabu changu.

Afisa wa tume, mama mmoja mpole, aliwaomba wanawake wakae mbele kwenye viti. Hakuna aliyeinuka. Walibaki kwenye nyasi, miguu wameikunja, kama tunavyokaa nyumbani.

"Kwani viti vina siafu?" mwanamume mmoja akauliza. Watu wakacheka.

"Magoti yangu hayajavizoea, waitu," bibi mmoja akamjibu kwa heshima, kama kusema "bwana wangu".

Basi wanaume wakavikalia vyote.

Mjane mmoja akaeleza kwamba shemeji yake anamtoa kwenye kibanja alichoachiwa na mumewe, migomba na kahawa alivyopanda mwenyewe. Alisema akitazama chini, nami nikatafsiri kwa sauti ndogo kama yake. Shemeji alikaa kwenye kiti karibu naye, akamkatiza kila mara: "Shamba ni la ukoo. Wewe ulikuja kuolewa." Hayo pia nilitafsiri. Nikaona kama ni baba mdogo anakuambia wewe.

Afisa alisema sheria inamlinda, na tume itafuatilia hadi wilayani, lakini lazima habari yote waisikie kutoka kwake mwenyewe. Hakuahidi zaidi. Kisha akainuka, akampa mjane kiti chake. Mjane alisita sana, mwishowe akakaa. Shemeji akaanza tena, "Wewe ulikuja...", akakuta wanatazamana uso kwa uso. Hakumaliza. Sisemi amekubali. Kibanja bado hakijulikani kitakuwa cha nani. Ila yule mama alisema mpaka mwisho.

Mama, wiki ijayo watu wa tume wanakuja huko nyumbani Izimbya. Najua baba mdogo anataka uwe umehama kabla ya mavuno ya kahawa, na najua umechoka kubishana naye. Nami nimechoka kuwaza tutaenda kuishi wapi. Nenda, tafadhali, ukawaambie.

Nisalimie bibi, aliyenifundisha kusali, na mdogo wangu Deo, mchungaji wa mbuzi; mwambie asome hata mvua ikinyesha. Nisalimie pia mama mkwe wa jirani anayekuletea maji mgongo ukiuma.

Siku ya mkutano usikae kwenye nyasi. Kile kiti cha baba kilicho karibu na mlango, ambacho hakuna aliyekikalia tangu tumzike, kifute vumbi uende nacho. Bibi akiuliza, mwambie nimekuomba mimi.

Binti yako anayekuwaza,
Adelina