Mashine Inayomkataa Nyambura

Jumatatu, 8 Julai 1996

Kompyuta ya Nyambura, mchapaji wa barua za chuo, imezima tena. Asubuhi inakwenda vizuri, ikikaribia saa ya chai inazima yenyewe katikati ya barua. Nimebadilisha waya wa umeme. Nimepima soketi. Nimesaka virusi kwenye disketi zake zote. Hakuna. Nikaliacha sanduku lake wazi mchana kutwa. Haikuzima. Nikaifunga, Nyambura akaifunika kwa kitambaa chake cha kufuma kama tunavyofunika redio nyumbani, akaendelea na kazi. Ikazima. Mimi ndiye fundi wa chuo hiki cha uchapaji, na mashine inanicheka. Nina hasira.

Jumatano, 10 Julai

Nimempa Nyambura kompyuta ya mapokezi, nzima kabisa, na yake nikaipeleka mapokezi. Aliipanga mezani vilevile, kitambaa na yote. Ikamzimikia kabla ya chai. Ile mbovu, huko mapokezi, inapiga kazi. Mkurugenzi Gachanja alikuwa amesimama mlangoni.

"Umeona? Shida si machine. Huyu msichana iko na mkosi."

Wanafunzi walicheka. Mmoja akasogeza kiti mbali naye. Nyambura akaficha mikono chini ya meza. Sikumtetea.

Ijumaa, 12 Julai

Amefukuzwa. Mbele ya darasa, ati wengine wajifunze. Alikunja kitambaa chake akatoka. Kiti amepewa mpwa wa Gachanja, anayechapa kwa kidole kimoja.

Jumatatu, 15 Julai

Mashine haijazima. Gachanja ananitolea meno kila akipita.

Jumatano, 17 Julai

Mama yake Nyambura amekuja kutoka Kiganjo. Ameniletea kitambaa alichonifumia mwenyewe, kizito, cha sufu, ili nimwombee binti yake msamaha. Kingine kama hicho alimfumia Nyambura alipopata kazi, mashine isipigwe na vumbi wala baridi.

Hapo ndipo nilipozinduka. Alipoondoka nikakitandika juu ya mashine ya mpwa. Kikaziba matundu ya nyuma, pale feni inapotolea joto. Nikangoja. Sanduku likawa moto kama sufuria, kisha mashine ikazima. Mjinga mimi. Kila nilipopima nilikitoa kwanza kile cha Nyambura, nikakikunja kwa adabu, nikakiweka kando.

Nikamwonyesha Gachanja. Alikitazama kitambaa, akamtazama mpwa wake.

"Sawa, umejua. Lakini kiti iko na mtu."

Namchukia.

Jumamosi, 20 Julai

Nimekwenda Kiganjo. Kwao kila kitu kimefunikwa: viti, redio, hata chupa ya chai. Mama alinimiminia chai huku akimsema binti yake bila kupumua. Ana mikono mibaya. Inaharibu kila inachogusa. Siku hizi hata vikombe hamwachii aoshe. Nyambura alikuwa anaitikia kwa kichwa. Anaamini.

Ningeweza kusema ni feni tu, tumalize chai. Nilisema yote. Nikasema ni kitambaa alichofuma.

Mama aliweka birika chini. Akaenda jikoni, na hakutoka hata nilipoaga.

Nyambura alinisindikiza hadi steji ya matatu. Tulipofika akaniuliza kama mjini Karatina kuna ofisi zenye kompyuta. Nikamwambia zipo.