Kisanduku Kilichokwisha Kusema

Igowole, Mufindi
17 Juni 1957

Mpendwa mwanangu Kasian,

Tumsifu Yesu Kristo. Habari za Nairobi na baridi yake? Mkeo Rozalia na mtoto hawajambo? Mimi shangazi yako mwili ni mzima, ila moyo unachemka, na aliyechochea kuni ni wewe.

Mume wangu Yohane, aliyekulea, leo ni siku ya nane yuko mahabusu.

Unakumbuka ulipokuwa kituo cha hali ya hewa Iringa, ulitukalisha hapa ukatufundisha: puto lenu la kupimia hewa likipasuka huko juu, kisanduku lilichokibeba kikaanguka shambani, tukirudishe. Ndani kina kalamu inayochora joto na baridi ya huko juu. Kikipotea, kazi yote imepotea. Yohane aliyashika maneno yako kama katekisimu.

Basi kimoja kimeangukia mahindi yetu. Yohane akaacha kuvuna, akakifunga kwenye blanketi letu kisilowe, akatembea siku mbili mpaka bomani. Karani kufungua, akaona nyaya na betri. "Mzee, redio ya serikali umeiba wapi?" Yohane akajibu kwa fahari, "Ni ya mwanangu Kasian." Wakamfungia kwa jibu hilo hilo.

Ijumaa ndipo barua yako ikafika. Kurasa mbili za majigambo! Eti vile vya kalamu vilikwisha zamani. Vya sasa vina redio, vinasema kila kitu vikiwa bado vinapanda, nanyi mnaandika huku chini. Kikianguka ni takataka, hata watoto wachezee. Kasian! Mwaka wa tatu unavijua hivyo vipya, hukuona haja ya kutuambia? Mume wangu amefungwa kwa ajili ya takataka!

Nimekwenda bomani na barua yako. Karani anasema barua ya ndugu si ushahidi. Anataka ya kituo chenu, yenye mhuri. Nami navuna peke yangu, na ngedere wananisaidia.

Usiniambie unamwogopa bwana mkubwa wako. Ulipougua surua, Yohane alikubeba mgongoni mpaka misheni, hakuomba ruhusa kwa mtu.

Wasalimie Rozalia na mtoto, hao hawana kosa. Shangazi yako mdogo Esta anakusalimu, naye amenuna. Mungu awalinde, aufanye mwepesi mkono wako. Kama kisanduku kisicho na mdomo kinasema kutoka juu ya mawingu, wewe unashindwaje kusema kutoka Nairobi?

Shangazi yako akupendaye, hata leo,
Apolonia