Nilivyobeba Isale la Sylvanus

Jumanne, 10 Juni 1997

Ukungu tangu asubuhi. Mlima haupo.

Mektrida, mpishi wetu hapa gesti, amerudi leo, mtoto mgongoni. Amekaa ndani miezi yake kama mzazi yeyote wa huku kwetu – mtori, kitawa cha ndizi na maziwa, mafuta – mashavu yanang'aa. Kaingia jikoni, kamkuta shemeji wa Sylvanus amevaa aproni ya Mektrida!

Sylvanus ndiye mwenye gesti. Amezungumza kwa upole, kama daktari: dada, mimi sikukufukuza, ulipoondoka uliacha kazi mwenyewe.

Uongo. Siku Mektrida anaomba ruhusa nilikuwa hapa hapa uani, naanika shati. Sylvanus alimwambia: nenda ukajifungue salama, nafasi yako ipo. Leo nimeyakumbuka maneno hayo yote. Kisha nikaingia chumbani, nikafunga mlango taratibu ili usilie.

Chumba nacho ni cha Sylvanus. Nyuma ya tangi la maji, bure, kwa kuwa marehemu baba yake alikuwa mdogo wangu. Nilimaliza ujana na nusu ya uzee Tanga kwenye mkonge; nimerudi, kihamba cha baba, shamba letu la urithi, kina watu wengine, hata migomba hainijui. Katibu mstaafu wa tawi la wafanyakazi! Niliwahi kugomesha shamba zima. Leo naogopa bawaba.

Alhamisi, 12 Juni

Shemeji ameunguza maharage tena. Wageni wawili wa kupanda mlima wamekula mkate mtupu.

Mektrida amekwenda Idara ya Kazi. Wito umefika: wote wafike Jumatatu asubuhi. Hana karatasi yoyote, dobi wa gesti ananiambia, ana mdomo wake tu. Asipoaminiwa, basi, kazi imekwenda.

Jioni Sylvanus akabisha mlango. Yeye mwenyewe, na bakuli la kisusio, supu ya damu ya mbuzi, linafuka moshi. "Shikamoo baba mkubwa." Akakaa kitandani kwangu, kitanda kikalalamika. Akasema mimi ndiye mkubwa wa ukoo aliyebaki. Nimpelekee isale kwa akina Mektrida. Mambo ya nyumbani yaishe nyumbani, ofisi za serikali za nini?

Isale! Tangu nikiwa mtoto sijalishika. Ukimkosea mtu, unampelekea jani lile limefungwa fundo, naye hawezi kukataa kukusamehe. Hata kama mmemwagiana damu. Nimesoma vitabu vingi vya sheria, sijaona kifungu chenye nguvu kama jani lile.

Nikavimba. Mkubwa wa ukoo! Kule Tanga mvi zangu hazikuwahi kutumwa mahali. Nimekubali kabla kisusio hakijapoa. Na nikauliza kama nivae koti.

Jumamosi, 14 Juni

Nimevaa koti. Aibu niliyoipata, afadhali ningekwenda na kanzu ya kulalia.

Jani nililikata kwenye chungu cha maua pale mapokezi, lilikuwa zuri, jembamba, lina mistari. Nikalifunga fundo, nikapanda nalo hadi Uru kwa akina Mektrida, nalishika kama mshumaa wa ekaristi. Mama mkwe wa Mektrida, Bibi Zita, akanipokea mlangoni. Akalitazama jani. Akaligeuza. Akamwita jirani yake aje naye atazame.

"Meku, mzee wangu, hili si isale. Hili ni ua la hotelini."

Walicheka mpaka mtoto akaamka. Bibi Zita akatoka na kisu hadi mpakani mwa kihamba, akakata isale lenyewe, akalifunga, akaniwekea mkononi. "Haya. Rudi mlangoni, uanze upya." Nami nikarudi mlangoni! Nikabisha hodi mara ya pili, mtu mzima.

Nikatoa hotuba yangu kwa Kichagga. Nusu yake nadhani ilikuwa Kisambaa. Bibi Zita akasubiri niishiwe.

"Aliyekosa yuko wapi?"

Nikasema amenituma.

"Isale halitumwi kama chumvi dukani. Mwenye kulishika ndiye anayeomba. Wewe umetukosea nini, meku?"

Nikaligeuza jani mkononi. Mektrida alikuwa ananyonyesha, hakuinua kichwa. "Babu alikuwepo siku ile," akasema. "Alikuwa anaanika shati."

"Ahaa," Bibi Zita akasema. "Ndiyo maana ametumwa yeye. Ukishabeba jani la tajiri, Jumatatu utasimama na nani?"

Na mimi nilidhani ni mvi!

Akalipokea, maana halikataliwi. Wewe tumekusamehe, akasema. Sylvanus aje na lake, naye tutamsamehe. Lakini jiko la Mektrida bado tunalitaka, msamaha haupiki.

Akanipa mtori. Nilikula mabakuli mawili. Aibu haijawahi kunizuia kula.

Jumapili, 15 Juni

Baada ya misa Sylvanus kaniuliza: wamepokea? Nikasema wamepokea. Kweli kabisa! Kweli iliyopigwa pasi, makunyanzi yote yamefichwa upande wa chini.

Amefurahi. Chumba kitapakwa rangi. Kitanda kipya kinakuja kesho. Nami kesho nipande gari lake, nimwambie tu ofisa kwamba wazee wamemaliza.

Sikujibu. Kwake hilo ni jibu.

Jumatatu, 16 Juni

Naandika katika korido ya Idara ya Kazi, daftari juu ya kizingiti cha dirisha. Nimekuja kwa miguu, mapema, kabla gari halijawashwa. Ushujaa wangu wote wa leo mpaka sasa ni huo.

Mabenchi mawili, yanatazamana. Sylvanus amefika, hana hasira. "Baba mkubwa, mbona umeniacha?" Akapangusa nafasi kando yake kwa leso yake nyeupe. Upande wa pili Mektrida na mtoto, Bibi Zita na kapu la nepi. Hawajaniita. Hawajaniangalia hata. Nimesimama hapa dirishani najifanya natafuta mlima.

Karani ametoka, binti mdogo. "Shikamoo babu. Umekuja na nani?"

"Huyo baba yangu," Sylvanus akamjibu.

Karani akamgeukia Mektrida: una shahidi? Mektrida akatazama mtoto. "Sijui, dada," akasema.

Karani akasema tuwe tayari, anayetutangulia anamalizia.

Sylvanus ananiita kwa sauti ya chini. Kitanda kimeshafika, anasema, cha mninga. Njoo ukae, baba mkubwa, utachoka bure.

Nimemwambia ngoja nimalizie sentensi.

Bibi Zita ameinua kapu la nepi, ameliweka chini sakafuni. Bado hanitazami. Nafasi iliyobaki kwenye benchi lao si kubwa.

Mimi si mnene.