Oili Niliyokuchagulia, Shangazi

Shangazi yangu mpendwa,

Leo nakuandikia neno nililopaswa kukuambia ungali hai. Injini ya pikapu yako niliiua mimi.

Unakumbuka asubuhi zetu pale Mlali? Kabla hujawasha gari kwenda kubeba matenga ya nyanya za akina mama, ulihakikisha limesimama pahali tambarare, ukafungua boneti, ukaniita. Mimi ndiye niliyechomoa kile kijiti cha kupimia oili, nikakifuta kwa kipande cha kanga yako iliyochakaa, nikakirudisha, nikakichomoa tena. Wewe uliinama kutazama, ukainusa. "Imeshuka kidogo," ulisema, ukaongeza nyingine. Wapita njia walikwisha kuzoea kumwona mwanamke mzima kainamia injini. Mimi, mtoto wa kaka yako uliyenilea tangu darasa la pili, nilikuwa najivuna.

Gari lile ulilijua. Ulijua kwamba likiwashwa linatoa moshi wa bluu, kwamba sili ya nyuma ya injini inavuja, kwamba baada ya kilometa laki tatu na ushee vyuma vya ndani vimelika. Ndiyo maana ulilihamishia kwenye oili nzito, ishirini hamsini. "Usitazame picha ya dumu," uliniambia dukani Morogoro mjini. "Tazama namba. Halafu jiulize, gari langu likoje?"

Kisha nikapata ufadhili wa masomo, nikaja Guangzhou. Baada ya chuo nikabaki huku mtaa wa Dengfeng, nawatafsiria wafanyabiashara wanaokuja kununua mizigo. Nikajiona najua kila kitu. Siku moja ukanipigia. Miaka yote ile hukuwahi kuniomba chochote.

"Mwanangu, huku tunauziwa oili za kuchakachua. Nitafutie huko, ya gari lililotembea sana."

Nilikuwa na haraka zangu. Niliingia duka la kwanza la vipuri nililoliona, laoban, yaani bosi mwenyewe, akaniwekea mezani dumu la rangi ya dhahabu, akasema hiyo ndiyo mpya, ndiyo bora. Sikumwambia ni ya gari gani, naye hakuniuliza. Nikayapakia madumu matatu kwenye mzigo wa mteja wangu wa Morogoro.

Yalipokufikia ukanipigia tena.

"Mwanangu, hapa imeandikwa sifuri ishirini. Si nyepesi mno kwa hiki kizee changu?"

Badala ya kusema ngoja niulize, nikacheka. "Shangazi, hayo ni mambo ya zamani. Huku ndiko wanakotengeneza. Nimewauliza wataalamu."

Sikuwa nimemuuliza mtu yeyote.

Ukanijibu, "Haya. Wewe ndiye uliyesoma."

Miezi iliyofuata kila nilipokuuliza habari za pikapu ulinijibu, "Ipo, inapumzika," ukageuza mazungumzo. Nilisikia yaliyotokea baada ya wewe kuzikwa bila mimi kuwepo, kwa simu ya binti yako Tumaini. Wiki ya tatu tangu utie oili yangu, ukipanda mlima na mzigo umejaa, taa ya oili iliwaka, injini ikagonga mara chache, ikazima kabisa. Matenga yakakaa juani siku mbili, nyanya zikaoza. Fundi alipokwambia injini haifai tena, ulimjibu kwamba umekosea mwenyewe kusoma namba. Wewe! Wewe uliyezisoma namba hizo kuliko fundi yeyote! Tumaini alinieleza hayo huku analia, nami nikasema pole, nikakata simu. Hata siku hiyo sikusema.

Jana nilikuwa sokoni na Papa Ilunga, mteja wangu wa Lubumbashi. Alitaka kumpelekea baba yake zawadi. "Ile motere ya baba ni ya zamani, iko inakula mafuta sana," akaniambia, akimaanisha injini ya gari la mzee. "Nikamate hii?" Mkononi alikuwa na dumu la dhahabu, aina ile ile. Nikaanza kumuuliza maswali yako. Limetembea kiasi gani? Linatoa moshi gani? Linavuja wapi? Kitabu cha gari kinasema nini? Hakujua, akampigia baba yake, tukasimama pale nusu saa nzima, laoban wa duka lile amenuna. Mzee alikuwa anatumia ishirini hamsini miaka yote. Tukachukua hiyo.

"Umefundishwa na nani?" Papa Ilunga akaniuliza.

Nikatoka nje, nikampigia Tumaini palepale barabarani, nikamwambia yote: haraka yangu, kicheko changu, uongo wa wataalamu.

"Kaka," akasema, "madumu yamejaa maandishi ya Kichina kila upande. Ulidhani tulifikiri Mama kayanunua hapo mjini Msamvu?"

"Mlijua?"

"Mlali nzima ilijua. Mama alitukataza kukuuliza. Alisema utasema mwenyewe, tukusubiri."

Miaka minne tangu injini ife, Shangazi. Wale akina mama ambao nyanya zao ziliozea barabarani walikuwa wakiichukua simu ya Tumaini kunisalimu, kuniombea heri, nami nawajibu kwa sauti ya mtu asiye na deni la neno. Kumbe kila mmoja alikuwa ananisubiri. Nilidhani nimewaficha, kumbe wewe ndiye uliyekuwa unanisitiri.

Nimekata tiketi ya kurudi mwezi ujao. Nitaanza kwa akina mama hao, mlango hadi mlango, nikiwaambia kwa mdomo wangu. Nikimaliza wa mwisho ndipo nitakuja kaburini kwako. Kabla ya hapo sina uso wa kusimama mbele yako.

Lala salama, Shangazi.

Mimi,
mtoto wa kaka yako, uliyemfundisha kusoma namba